Tusiwatenge wanaotambika, tuwafundishe mpaka nyumbani kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye safu ya barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba makanisa yawatenge moja kwa moja waumini wote wanaokutwa kwa waganga au kwenye matambiko ya ukoo, wasikaribie meza ya Bwana, wasizikwe na kanisa, na majina yao yasomwe mbele ya watu. Mimi ni katekista wa Kanisa Anglikana huku Muheza, nafundisha mafundisho ya ubatizo na kipaimara mtaani kwetu, na uchungu wa huyo ndugu naujua maana hata mimi unaniuma, mtu umemfundisha miezi, umesimama nae siku anabatizwa, alafu unasikia Jumamosi usiku alikuwa kwa fundi anapigiwa ramli. Lakini hiyo dawa anayoitaka haitibu. Tukiwatenga wote, wale watakaobaki kwenye benchi ni wale tu wanaojua kuficha vizuri zaidi, na sisi tutajipongeza kwamba kanisa limekuwa safi.

Tuseme ukweli kwanza kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya utafiti wa dini kwenye nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara, watu zaidi ya 25,000 walihojiwa, na Tanzania ilikuwa moja ya nchi nne ambazo zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema wanaamini sadaka kwa wahenga au kwa mizimu inaweza kumkinga mtu na mabaya. Wenzetu walikuwa Mali, Senegal na Afrika Kusini. Sasa hao waliohojiwa wengi wao wana dini zao, wanasali, wanafunga, wanatoa sadaka. Na sisi tunaoishi huku wala hatukuhitaji kuambiwa, nenda Mapango ya Amboni hapo nje kidogo ya Tanga mjini ukaone chumba ambacho watu wanaacha sadaka zao wakiomba uzazi, nenda Kaole kule Bagamoyo ukaone watu wanavyoliendea kaburi la sharifa na shida zao. Wanaokwenda ni wa dini zote. Ndugu zetu Waislamu nao wana mjadala wao juu ya haya mambo, sitauingilia, mi nasema ya nyumbani kwetu kanisani.

Ngoja nieleze jambo moja nililoliona kwa macho. Ilikuwa siku ya ubatizo, kuna mama mmoja kijana alikuja na mtoto wa miezi kama sita, kamvalisha gauni jeupe la satini na kofia ya kufuma, kapendeza kweli. Muda wote wa ibada yule mama mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukosi wa lile gauni, wimbo ukiimbwa kashika, tukisimama kashika. Ikafika pale padri anataka kumpaka mtoto mafuta kifuani, akamwomba alegeze kifungo. Chini ya gauni kulikuwa na uzi mweusi, umepigwa mafundo matatu, na kifuko kidogo cha ngozi kilichoshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, kimeshaanza kung'aa kwa jasho la mtoto. Padri akakiona. Akapaka mafuta pembeni yake, kifuko akakiacha palepale, akafunga kile kifungo mwenyewe, ibada ikaendelea.

Baada ya ibada yule mama alinifuata nyuma ya kanisa kabla sijamwita. Akaniambia mtoto wake wa kwanza alikufa kwa degedege, wa pili hivohivo, huyu wa tatu alipofikisha siku saba mama mkwe akaja na ile hirizi, akaivalisha mwenyewe, akasema huyu hatumpotezi. Alafu akaniuliza, "Mwalimu, ungekuwa wewe ungeivua?"

Sasa naomba msomaji mwenzangu anayetaka watu watengwe aniambie, huyu mama angetengwa kwa kosa gani? Hakuna mtu yeyote aliyekaa nae kabla ya siku ile akamuuliza unaogopa nini. Mafundisho ya wazazi na wasimamizi sehemu nyingi ni Jumamosi moja, masaa mawili, mnasoma ahadi, mnaonyeshwa pa kusimama, mnaambiwa mje na mshumaa, basi. Kitabu cha maswali na majibu kina Utatu, kina Amri Kumi, kina Sakramenti, vyote ni vya kweli na navipenda, ila hamna swali hata moja la hirizi, hamna la zindiko la nyumba, hamna la mtoto anayekataa ziwa ukoo ukasema jina la babu limekataliwa, hamna la mwanamke aliyepandwa na pepo wa ukoo anatakiwa achezewe ngoma. Anakuja kanisani na maisha yake yote, sisi tunamfundisha nusu, ile nusu nyingine anabaki nayo peke yake. Ikifika usiku wa shida anaenda kwa mtu anayeijua hiyo nusu.

Na huyo mtu anaijua kweli. Mganga ukienda kwake saa nane usiku anafungua mlango. Anakuuliza baba yako nani, mama yako katoka wapi, nani kagombana na nani, nani alizikwa bila kuagwa. Anakusikiliza mpaka uishiwe maneno. Sisi ukitupigia simu saa nane simu imezimwa. Nasema hivi bila kumsifia mganga, wapo waongo wengi, wapo wanaokausha familia mbuzi na ng'ombe wote, na wapo waliofanya mabaya ya kutisha mpaka mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Lakini mtu mwenye mtoto anayetetemeka mikononi hatafuti hoja, anatafuta mtu.

Hilo la degedege nalo lina sura mbili na mafundisho yetu lazima yazishike zote. Utafiti uliofanyika wilaya ya Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha kuwa akina mama wengi walikuwa hawaihesabu degedege kuwa malaria, waliiona ni ugonjwa wa kienyeji wa kuanzia kwa mganga, na wengine waliamini kabisa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo ukisimama mimbarani ukasema hirizi ni dhambi ukashuka, hujamwokoa mtoto yule. Unatakiwa ukae na mama na bibi mkwe, na muuguzi awepo, mueleze homa inavyopanda mpaka mtoto anakakamaa, mseme wapi pa kukimbilia usiku na pikipiki ya nani, na msali pale pale. Ndicho tulichofanya kwa yule mama. Tulikwenda kwao mimi na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama ambae ni muuguzi, tukaenda tena, na tena, bibi mkwe siku za kwanza alikuwa anaingia jikoni hatoki, baadae akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni, baadae akawa anauliza maswali mwenyewe, maswali magumu kuliko ya darasa langu lote. Uzi ulitoka shingoni mwa mtoto kipindi alichochomwa chanjo ya surua. Waliukata wenyewe, mi sikuwepo. Nasikia kile kifuko hawakukichoma, kimewekwa kwenye sanduku, na bado naenda pale.

Nimekuwa nikijiuliza tulifikaje hapa, na nadhani tatizo ni la zamani sana. Misheni zetu mbili za huku pwani zilianza mwaka mmoja. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo, na mwaka huohuo UMCA, yaani misheni ya Waanglikana toka Uingereza, wakaweka kibanda chao cha kwanza Magila, Msalabani, hapa kwetu Bondei, ingawa kazi ilikuja kushika sawasawa alipofika padri Farler mwaka 1875. Kule Bagamoyo mapadri walikusanya watu waliokombolewa utumwani, wakawajengea kijiji, shule na mashamba. UMCA nao walifanya hivohivo Zanzibar na pale Mbweni. Mtu aliyekombolewa alikuwa ameng'olewa kwao mbali, huko Nyasa au Umanyema, hajui kaburi la babu yake liko upande gani, hana mjomba, hana shangazi, misheni ndio ukoo wake na padri ndie baba. Kwa mtu wa namna hiyo jina jipya, nyumba mpya na katekisimu vilikuwa maisha kamili, maana nyuma yake hakukuwa na mtu wa kumwita kwenye tambiko.

Alafu namna ileile ya kufundisha ikapandishwa Bonde, ikapandishwa Usambaa, ikaingia Uzigua. Huku mtu ana ukoo. Anabatizwa asubuhi jioni analala nyumba ya baba yake, makaburi yako nyuma ya migomba, mjomba wake ndie mwenye kauli kwenye ndoa yake, na mvua ikigoma wazee wanajua pa kwenda. Mafundisho yaliyotengenezwa kwa mtu asiye na ukoo tukampa mtu ambae bila ukoo wake hajijui ni nani. Sijasoma mahali mtu akiliweka hivi, ni mawazo yangu, lakini kila nikikaa na wanafunzi wangu naliona.

Mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Vuga, makao ya mfalme wa Wasambaa, mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambae watu walimhofu na kumheshimu kwa sababu mvua ilikuwa mkononi mwake. Wasambaa wana maneno yao, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi iwe na mvua, watoto, chakula na amani. Walutheri wa misheni ya Bethel toka Ujerumani wakafika Mlalo mwaka 1891 na Vuga kwenyewe mwaka 1895. Dini waliyoikuta ilishughulika na vitu vya kila siku, mahindi yataota au hayataota, mke atazaa au hatazaa, ndugu waliogombana watapatana vipi kabla hawajaleta balaa kwenye ukoo mzima. Sisi tumehubiri sana roho kwenda mbinguni, na ni kweli inaenda, ila mvua tukamwachia mganga. Vitabu vyetu vya sala vina sala za mvua na za mbegu, zipo, fungueni muone. Ni parokia ngapi padri anatoka na msalaba mwezi wa tatu kabla ya masika akaenda mpaka shambani watu wakaleta mbegu zao kwenye ungo zikabarikiwa? Mahali wanapofanya hivo nimeona watu ambao hawaji kanisani mwaka mzima wakitoka majumbani na ungo zao.

Sasa sitaki mtu anielewe vibaya akasema huyu katekista anahalalisha kila kitu. Kuna mambo lazima yaachwe na niseme wazi. Kumwaga damu ili marehemu atulie, kumwomba babu bahati ya biashara, kupiga ramli kutafuta nani kanila, kufunga zindiko mlangoni ili jirani asiingie, hayo mtu wa Kristo hayawezi. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza ramli, uganga na kuwaomba wafu. Na Wakolosai 2:15 inasema Kristo alizivua enzi na mamlaka msalabani, sasa mtu aliyeamini hilo akiendelea kulipa kodi ya woga kila mwaka kwa mizimu, anaishi kama mtu asiyejua kwamba ameshaachiwa huru. Ningependa kila mwanafunzi wangu afike mahali pa kulala usiku bila hofu. Hilo ndilo ninaloliombea kuliko yote.

Ila kwenye shughuli ileile ya ukoo kuna vitu vingine. Nilikaribishwa kwenye kufagia makaburi ya ukoo mmoja hapa Bonde, nikaenda, nilisema mapema kwamba sitashiriki kuku wala pombe ya kumwaga, wakakubali. Watu walikuja na majembe na mafyekeo toka Dar, toka Korogwe, toka Tanga mjini. Kabla ya chochote mzee wa ukoo aliwakalisha kaka wawili waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya shamba la minazi, akawaambia hapa haliguswi jani mpaka mseme. Wakasema. Mdogo alilia. Mzee akachukua kata ya maji, kila mmoja akatia mdomoni akapuliza chini, kinyongo kimetoka, ndo wakaanza kufyeka. Alafu mzee akataja majina, fulani bin fulani, akarudi nyuma vizazi saba bila kusoma popote, watoto wa sekondari waliotoka Dar wamekodoa macho hawajawahi kusikia.

Mi nikawa najiuliza, hapo kwenye kupatanisha kaka wawili dhambi iko wapi? Mathayo 5 inasema uache sadaka yako madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako. Wale wazee walikuwa wanalitenda hilo andiko kwa uzito kuliko tunavyofanya sisi ambao tunapeana amani kwa kushikana mikono huku tunaangalia saa. Na majina ya waliotangulia kuna ubaya gani kuyataja? Sisi Waanglikana wa huku, kwa urithi wetu wa UMCA, tunawaombea marehemu, Wakatoliki nao vilevile, tuna tarehe 2 Novemba nzima ya kazi hiyo. Kwa nini siku hiyo iishie kanisani kwa kusoma orodha harakaharaka? Padri aende makaburini kwa ukoo, ndugu wapatanishwe, wafyeke, majina yatajwe yote mbele za Mungu, tusali, tule pamoja. Kuku wa kuchinjwa achinjwe aliwe na watoto. Najua ndugu zetu Walokole na baadhi ya Walutheri hawatakubali suala la kuombea marehemu, sawa, nawaheshimu, lakini hata wao upatanisho na kukumbuka wazazi wanaweza kuufanya kwa namna yao, amri ya kuwaheshimu baba na mama haijafutwa.

Watu wanadhani haya ni mawazo mapya ya vijana wa siku hizi. Vincent Lucas, mmisionari wa UMCA ambae alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, kusini mwa nchi, mwaka 1926, alianza na mapadri na walimu Waafrika kuendesha jando la Kikristo, wakaacha watoto wapitie jando lao lakini maombi ya mizimu yakaondolewa, sala na baraka za kanisa zikawekwa, na wazee Wakristo wakawa ndio walimu. Halikuwa jambo kamilifu, la wavulana lilishika kuliko la wasichana, na wapo waliomlaumu. Kule Moshi mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alikaa na Wachaga miaka mingi akiandika mafundisho yao ya jando toka vinywani mwa wazee, akafundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vitu Mungu alivyowapa watu na kanisa lijengwe juu yake. Nae vijana wasomi walimwona anawarudisha nyuma, na walikuwa na hoja. Ninachotaka kusema ni kwamba watu hao walikaa chini wakauliza kabla ya kukataza.

Ambapo kanisa halikuuliza tumeona matokeo. Wenyeji wa asili wa Kanada walichukuliwa watoto zaidi ya 150,000 kwa miaka mingi wakapelekwa shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa pamoja na serikali, wakakatazwa lugha zao na desturi zao, wengi wakateswa, wengi wakafia hukohuko. Kanisa Anglikana la Kanada liliomba radhi mwaka 1993, na Papa Fransisko alikwenda mwenyewe Maskwacis Julai 2022 kuomba msamaha kwa yale Wakatoliki waliyoshiriki. Historia yetu sio ile, sifananishi mateso. Ila mtu akiniambia njia ya kumfanya mtu mfuasi wa Yesu ni kumkata na kwao kwa nguvu, namwambia imejaribiwa, na waliojaribu sasa wanapiga magoti kuomba radhi.

Na kuna kitu kinaniumiza kuliko hata hirizi. Siku hizi kuna huduma zinazokuja na mahema, zinapiga vita waganga kwa spika kubwa usiku kucha, na asubuhi zinauza mafuta ya upako, maji ya upako, chumvi ya kumwaga mlangoni, stika za kubandika kwenye bodaboda. Mtu anavua uzi mweusi anavaa kitambaa cha mtumishi. Woga ni uleule, bei tu imepanda. Mbaya zaidi ni pale anaposimama mtumishi kumwambia mtu aliyemloga ni bibi yake mzaa mama, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, na familia inarudi nyumbani imeshapasuka. Nimekaa na bibi mmoja wa namna hiyo ambae wajukuu hawaingii tena kwake, anapika peke yake, na alikuwa mkristo wa siku zote, ndie aliyekuwa anafagia kanisa. Kama tunatafuta watu wa kukemewa mbele ya kusanyiko, tuanzie hapo.

Mtume Paulo alipofika Efeso alikuta mji umejaa uganga. Matendo sura ya 19 inasema alifundisha kila siku kwenye darasa la Tirano, akafanya hivo miaka miwili. Someni vizuri waliokuja kuungama matendo yao ni akina nani, ni wale ambao tayari walikuwa wameamini. Waumini kabisa, wamo kanisani, na vitabu vya uganga walikuwa navyo nyumbani muda wote huo. Wakavileta wenyewe, wakavichoma wenyewe, thamani yake fedha hamsini elfu. Hatuambiwi Paulo alipita nyumba kwa nyumba kupekua wala kusoma majina. Alifundisha, wagonjwa wakapona, watu wakaona Jina la Yesu lina nguvu kuliko walichonacho, na siku ikafika. Sisi tunataka moto wa Efeso bila ile miaka miwili ya kufundisha.

Kwa hiyo ninachoomba kwa maaskofu wetu na kamati za elimu ya Kikristo za madhehebu yote huku Tanga ni kwamba mtaala wa mafundisho uandikwe upya na wakae mezani makatekista wa vijijini, akina mama wa Umoja na wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, makungwi waliookoka, wauguzi, na wazee wa koo, hata wale ambao hawajabatizwa. Waandike maswali ambayo watu wanayo kweli. Mafundisho yasiishie siku ya maji, mtu akishabatizwa apewe mtu wa kutembea nae mwaka mzima, na mtu huyo awe anafikika usiku. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizitangaza kuwa kipaumbele toka mwaka 1976, zimebaki sehemu nyingi kuwa mahali pa kukusanya michango na kusali rozari, wakati ndio mahali ambapo jirani anajua mtoto wa jirani anaumwa kabla padri hajajua.

Na wale wazee wenye wake wawili wanaokaa benchi la nyuma mpaka wanakufa bila maji, mkutano wa Lambeth, ule wa maaskofu Waanglikana wa dunia nzima, mwaka 1988 ulishaeleza njia, kwamba mwanamume mwenye wake wengi akiamini anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, aahidi kutooa tena, wala asilazimishwe kumfukuza yeyote, kanisa la mahali pale likiridhia. Huku kwetu watu wengi hawajui hata kama hilo lilisemwa. Wazee hawa ndio wenye kauli kwenye ukoo. Mzee akiwa ndani ya Kristo na amefundishwa vizuri, hata siku ya kufagia makaburi itabadilika kwa kauli yake kuliko kwa mahubiri yangu.

Nimeshaiomba kamati ya mtaa wetu kwamba darasa lijalo la kipaimara tulianzie majumbani kwa wanafunzi, wazazi na bibi zao wakiwepo, kabla hatujafungua kitabu. Huyo ndugu aliyeandika barua, kama yuko karibu, namkaribisha aje tukae wote vikao hivyo, aulize na yeye, kwa sababu najua anachokiogopa ni kanisa kuchanganyika mpaka lisijulikane, na hofu hiyo ni ya kweli, naihitaji kwenye chumba tukianza kuchambua kipi kiachwe na kipi kibaki. Kama kuna parokia au usharika hapa Tanga, Bagamoyo au kwingineko ambao umeshafanya kitu cha namna hii, naomba watuandikie kupitia safu hii wamefanyaje, wapi kiliwashinda, na wazee wao walisemaje.

Katekista,
Muheza, Tanga